Gigabaiti ya Saa Moja

Katika nyumba nyingi za Likoni, baada ya swala ya isha, bando hununuliwa kwa zamu. Leo ni zamu ya kaka mkubwa, kesho ni ya dada anayeuza viazi karai karibu na stendi, keshokutwa ni ya yule ami mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye hana habari na TikTok lakini mechi haimpiti. Mwenye zamu anabonyeza *544#, anachagua ile GB 1 ya saa moja ambayo bei yake imekuwa ikizungukazunguka kwenye shilingi 20, anawasha hotspoti, na nyumba nzima inaingia. Nywila haiulizwi, kila mtu anayo tangu zamani. Mtoto anapakua karatasi za mitihani iliyopita. Mama anasikiliza sauti alizorekodi dadake aliye Jeddah. Kijana wa kazi za mtandaoni anafungua laptopu na kukimbizana na tarehe ya mwisho. Ikifika dakika ya hamsini kunasikika sauti ya kuhimizana: haya, malizeni, malizeni.

Kwenye mitambo ya kampuni ya simu, nyumba hii ni mtu mmoja. Ni namba moja iliyovuta GB 1 ndani ya saa moja. Ripoti ya mwezi ikitolewa, namba hiyo itaonekana ni ya mtu asiyeshiba, na mahali fulani kwenye mkutano wa wahandisi atatajwa katika kundi la watumiaji wazito, wale wanaolaumiwa mtandao ukienda kwa kusuasua. Kumbe ni watu sita, na kila mmoja wao akitazamwa peke yake ni mtumiaji mdogo kuliko wastani.

Mzozo kati ya kampuni za simu na watu wanaogawana intaneti ni wa dunia nzima, na una karibu umri sawa na simu za kisasa zenyewe. Marekani na Ulaya umefika kwenye tume na mahakama. Huku kwetu bara ya Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, umechukua sura nyingine ambayo ni rahisi kuikosa. Huku kufuli halikuwekwa kwenye hotspoti. Limewekwa kwenye saa.

Tazama bei. Gigabaiti ile ile, ukiitaka idumu saa 24, kwa muda mrefu imekuwa ikiuzwa karibu shilingi 100. Data ni ile ile na mnara ni ule ule. Zile shilingi 80 za ziada unalipia saa 23 za kutokuwa na haraka. Mwenye mshahara wa mwezi anaweza kuzitoa bila kuwaza. Mpakuzi wa mizigo wa Changamwe anayelipwa kwa siku hawezi, kwa hiyo hununua ile ya saa moja na kukabiliwa na swali ambalo tajiri halijui: GB 1 utaimalizaje peke yako kwa dakika 60? Ukisoma ujumbe na kupitia picha mbili tatu, utakuwa umetumia sehemu ndogo tu na iliyobaki itakufa saa ikigonga. Mwenye akili anaita wenzake. Bei yenyewe ndiyo iliyowafundisha watu kuwasha hotspoti.

Mawakala wa mtaani nao wamelijua soko hili vilivyo. Ukutani, kwenye vioo vya matatu na kwenye hali za WhatsApp kuna matangazo ya vijana wanaouza vifurushi hivi chini ya mpango wa Bingwa Sokoni wa Safaricom, nao wanaahidi kwamba utapata data hata ukiwa na deni la Okoa Jahazi. Sharti linalotajwa kila mara ni kwamba namba moja hupata ofa mara moja kwa siku. Sharti la namna hiyo lina lengo la kumzuia mtu mmoja asijichotee bei nafuu asubuhi hadi usiku. Kwenye nyumba ya watu sita wenye laini sita halizuii kitu, linapanga zamu tu. Wapwani wamezoea kuchangiana kwenye chama, kwenye harusi na kwenye matanga, kwa hiyo kuchangiana data hakukuhitaji mkutano.

Sasa tuitendee haki kampuni ya simu, maana ina hoja ya kweli, na hesabu yake mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu. GB 1 ni megabiti 8,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Anayetaka kuimaliza GB 1 ndani ya saa anahitaji kasi ya wastani wa megabiti 2.2 kwa sekunde bila kupumzika. Upande mmoja wa mnara wa 4G wenye masafa ya upana wa megahezi 20, kwa vifaa vya kawaida, hutoa megabiti 150 kwa sekunde katika hali bora kabisa, ambayo huonekana zaidi kwenye vitabu kuliko Mtongwe. Wakijitokeza wanunuzi 100 wa GB ya saa moja chini ya upande huo mmoja, saa hiyo hiyo ya usiku, watadai megabiti 220. Hazipo. Na wasipojitokeza 100 bali 60, kila mmoja amewasha hotspoti ili asipoteze hata kidogo, upande huo tayari umejaa.

Ndiyo maana saa mbili usiku video inazunguka bila kufunguka, halafu saa tisa za alfajiri simu hiyo hiyo, juu ya kitanda hicho hicho, inapaa. Hewa inayobeba mawimbi ni ya kugawana. Watu wa Likoni wanaweza kulielewa hili kuliko wengi: hata ukiipanua barabara ya kuelekea kivukoni mara kumi, anayeamua mtavuka wangapi ni feri, na mnara ndio feri yenyewe.

Kisha kuna idadi ya watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 291,930 Kisauni, 250,358 Likoni na 131,882 Changamwe. Jumla ni 674,170, zaidi ya mara nne ya watu 154,171 waliohesabiwa Mvita, ambako ndiko kisiwani kwenye maofisi na mabenki. Wengi wa watu hawa hushinda kisiwani, bandarini au kwenye viwanda, kisha jioni hurudi bara kwa pamoja, nao hufungua simu kwa pamoja. Kwenye foleni ya feri peke yake hupita takriban watu laki tatu kwa siku, na kila anayeisubiri MV Jambo au MV Safari amezamisha macho kwenye simu. Mitandao hupangwa kwa kuangalia saa yenye msongamano mkubwa zaidi, na huku bara saa hiyo ni moja, inajulikana, na ndiyo saa ambayo vile vifurushi vya dakika 60 vinanunuliwa kwa wingi.

Hapo ndipo ninapoachana na kampuni. Ukimuuzia mtu data kwa masharti kwamba lazima aikimbie, kisha ukamlaumu kwa kukimbia, lawama hiyo ina nusu yako. Familia ile ingepewa GB 1 ya kukaa siku tatu kwa bei inayokaribiana na ile, isingekuwa na sababu ya kuimaliza saa mbili usiku. Mtoto angepakua mitihani yake mchana, ami angengoja mechi yake, na mnara ungepumua. Badala yake bei inawapanga wote kwenye mstari mmoja na kupuliza kipyenga.

Wenzetu wa ng'ambo walipitia njia tofauti. Kule kampuni ziliuza data ya mwezi mzima, tena kwa ahadi ya kutokuwa na kikomo, halafu zikashtuka watu walipounganisha laptopu kwenye simu. Zikaanza kuhesabu vifaa. Jinsi zinavyojua kwamba umewasha hotspoti ni jambo rahisi ajabu. Kila pakiti ya data hutoka kwenye kifaa ikiwa na namba iliyobandikwa: simu za Android na iPhone huanza na 64, kompyuta za Windows huanza na 128. Kila kituo ambacho pakiti inapitia huipunguza namba hiyo kwa moja, na ikifika sifuri pakiti hutupwa, ili zile zilizopotea njia zisizunguke milele. Data ya simu yenyewe huingia mtandaoni ikiwa na 64. Ya kifaa kilichojificha nyuma ya hotspoti, kwa kuwa imepitia kwenye simu kwanza, huingia na 63 au 127. Kampuni haina haja ya kujua unatazama nini. Namba moja iliyopungua inatosha kukuchongea.

Verizon ya Marekani ilikuwa ikitoza dola 20 kwa mwezi kwa anayetaka kugawa data yake hivyo, na watu walipotafuta programu za kukwepa ada hiyo, ikaomba ziondolewe kwenye duka la programu za Android. Julai 2012 ikakubali kulipa dola milioni 1.25 kumaliza uchunguzi wa tume ya mawasiliano ya nchi hiyo. AT&T ilikwenda mbali zaidi. Iliwauzia watu data isiyo na kikomo, kisha kuanzia 2011 ikawa inawapunguzia kasi, wengine wakiwa wametumia GB 2 tu kwa mwezi. Tume ya biashara ilifungua kesi Oktoba 2014 ikisema wateja milioni 3.5 waliguswa, na mnamo Novemba 2019 kampuni ikakubali kutoa dola milioni 60. Mwaka 2015, mkuu wa T-Mobile, John Legere, aliwaita wezi wateja waliokuwa wakificha matumizi yao ya hotspoti, ingawa walikuwa wamelipia data isiyo na kikomo ya simu.

Kesi inayotuhusu zaidi iliamuliwa Luxembourg tarehe 2 Septemba 2021. Vodafone ya Ujerumani ilikuwa na kifurushi kilichomruhusu mteja kutumia programu fulani bila data yake kuhesabiwa, ila akiwasha hotspoti hesabu inaanza. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema sharti hilo haliwezi kusimama, kwa kuwa limejengwa juu ya kifurushi ambacho chenyewe kinakiuka kanuni ya 2015 ya intaneti iliyo wazi. Kampuni mama ya Vodafone hiyo ndiyo ambayo, kupitia Vodacom ya Afrika Kusini, ni miongoni mwa wamiliki wakubwa wa Safaricom. Huku kwetu bando za WhatsApp, za YouTube na za TikTok zinauzwa mchana kweupe wala hakuna aliyekwenda mahakamani kuuliza kama ni halali. Kenya haina sheria mahususi inayokataza kampuni kuipendelea programu moja dhidi ya nyingine. Ina Kanuni za 2010 za kulinda watumiaji wa mawasiliano, zinazompa mteja haki ya kuelezwa bei na masharti kwa uwazi na ukamilifu. Ukizisoma kanuni hizo huku umeshika simu yenye bando lililokatika ghafla, unaweza kucheka.

Si kwamba Wakenya hawajapigana. Wakati wa saiba, kabla ya kebo za baharini, tulikuwa tukilipia dakika: unaketi kwenye kiti cha plastiki, kaunta inahesabu, barua pepe ya Yahoo inafunguka kama haitaki, na unatoka umesoma ujumbe mmoja. Kisha ikaja modemu ya kuchomeka, na mwaka 2011 Safaricom ikajaribu kuuza intaneti isiyo na kikomo. Mwaka uliofuata, enzi za mkurugenzi mkuu Bob Collymore, ikaiondoa sokoni. Waliokuwa chuoni wakati huo watakumbuka jinsi modemu moja ilivyolisha chumba kizima cha hosteli, kwa hiyo sababu ya kuondolewa haikuhitaji mpelelezi.

Pigano la pili lilikuwa juu ya tarehe ya mwisho. Mwaka 2019 wakili Adrian Kamotho alizipeleka kampuni za simu mbele ya baraza la rufaa la mawasiliano na habari akihoji kwa nini data iliyolipiwa ife kwa sababu ya kalenda. Oktoba mwaka huo huo Safaricom ikazindua bando zisizo na tarehe ya mwisho, na Airtel haikukawia kufuata. Ulikuwa ushindi, na bado upo: ukipiga *544# leo utaziona. Ila linganisha megabaiti unazopewa hapo kwa shilingi 20 na zile za saa moja, ndipo utajua kwa nini katika nyumba ya Likoni hakuna anayezinunua. Kampuni ilikubali kuuondoa mwisho kwenye kalenda, ikauacha kwenye bei. Sisi tuliotoka kwenye kaunta ya saiba tumejikuta tena tunanunua intaneti kwa kutazama saa.

Jirani zetu wa Tanzania waligusa jambo hilo kwa mkono wa serikali. Kanuni za vifurushi za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, zilizoanza Aprili 2021 zilimpa mteja haki ya kumhamishia mwenzake salio la bando ambalo hajalitumia, yaani kugawana kukaandikwa kwenye kanuni. Siku hizo hizo bei mpya zilipanda, kelele zikawa nyingi, bei zikarudishwa zilikokuwa. Somo lilikuwa wazi kwa kila msimamizi wa mawasiliano katika kanda hii: ukimwongezea mteja haki bila kutazama bei, kampuni itaijumlisha haki hiyo kwenye bili.

Kuna jambo moja linalowakera watu wa bara zaidi ya yote, na nadhani wana haki ya kukereka. Intaneti ya Kenya, na sehemu kubwa ya ile ya Uganda na Rwanda, hutokea baharini hapa hapa Mombasa. TEAMS, kebo iliyovutwa kutoka Fujairah, ilifika Juni 2009, na rais Mwai Kibaki akaja kuipokea. SEACOM ikawashwa Julai mwaka huo. EASSy ikafuata 2010, LION2 mwaka 2012, kisha DARE1 na PEACE. Kituo kikubwa cha data cha iColo kiko Miritini, jirani kabisa na Changamwe, katika eneo lile lile la malori na stesheni ya reli ya SGR. Dereva wa lori anayengoja zamu yake barabarani akihesabu megabaiti zilizobaki yuko karibu na mojawapo ya milango mikuu ya intaneti ya Afrika Mashariki.

Kebo zina matatizo yake, bila shaka. Februari 2012 meli ilishusha nanga mahali pasiporuhusiwa nje ya bandari ya Mombasa, ikaikata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini siku moja, Tanzania ikabaki karibu gizani nasi tukawa tunajikokota. Lakini siku za kawaida tatizo letu haliko kwenye kebo. Liko katika kilomita chache za mwisho kati ya Miritini na chumba cha mtu, ambako faiba hufuata mifuko. Nyali na Bamburi zilichimbwa mapema. Shika Adabu na Mwakirunge wanangoja. Asiye na faiba anabaki na mnara, na aliye na mnara anabaki na saa moja.

Tukiwa tunagawana lawama, Nairobi ipewe fungu lake. Ushuru wa bidhaa kwenye simu na intaneti ulipandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2018, ukafika 20 mwaka 2021, ukateremshwa tena hadi 15 mwaka 2023. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Serikali inayoukusanya sasa iliingia madarakani 2022 ikiahidi vituo 25,000 vya waifai ya umma na kilomita 100,000 za faiba. Inamtoza kodi anayegawana hotspoti na jirani, huku ikimwahidi hotspoti ya bure.

Setilaiti ilidhaniwa ndiyo mkombozi. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, ikashusha bei ya vifaa, na mwaka mmoja baadaye Safaricom ikaiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti zilazimishwe kushirikiana na za hapa nchini badala ya kupewa leseni zao zenyewe. Novemba 2024 Starlink ikasimamisha kusajili wateja wapya Nairobi na viunga vyake: nafasi ilikuwa imejaa. Iwe mnara wa Timbwani au chombo kinachozunguka angani, hewa ni ile ile ya kugawana, na mwenye nayo lazima aamue atawapangaje watu. Anaweza kuwapanga kwa bei, kwa muda, kwa kasi au kwa vifaa. Safaricom kwenye faiba yake ya nyumbani iliwahi kuchagua kiasi: GB 500 kwa vifurushi vya chini na TB 1 kwa vya juu, ukizipita kasi ikawa inashuka. Ningependa kuona njia hiyo ikijaribiwa kwa mnunuzi wa shilingi 20 pia. Mpe GB yake ya siku tatu, mwambie waziwazi kwamba kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku itakwenda polepole, na mwachie uamuzi. Mtu aliyezoea kungoja feri anajua kungoja.

Wakati haya yakingoja kusikilizwa, mtaa umejiundia kampuni zake. Tembea Mishomoroni, Mtopanga au Magongo utaona antena nyeupe juu ya paa na waya mweusi ukivuka kichochoro kuelekea dukani. Waifai ya mtaa. Kijana amelipia faiba mahali ilikofika, ameirusha kwa antena hadi mahali isikofika, na sasa anauza tokeni: shilingi 5, 10 au 20 kulingana na muda, M-Pesa kwanza. Wengine wana leseni, wengine wanauza tena faiba ya nyumbani ambayo mkataba wake unakataza hivyo. Kwa mteja hilo si swali. Anachotazama ni kwamba kwa tokeni ya siku nzima anapata intaneti ambayo hailiwi na video moja.

Na hapo ndipo nilipokutana na marufuku kamili ya hotspoti, inayopita hata lile sharti ambalo Wajerumani walilipeleka mahakamani. Wauzaji hawa hutumia ruta za MikroTik kutoka Latvia, na humo kuna amri moja fupi. Ile namba iliyobandikwa kwenye pakiti, ruta inaibadilisha kuwa 1 kabla ya kuirusha kwa mteja. Pakiti ikifika kwenye simu iliyonunua tokeni inafunguka vizuri. Simu hiyo ikijaribu kuipitisha kwa simu ya pili, moja inatolewa, inabaki sifuri, pakiti inatupwa. Mwenye tokeni anaona video, mdogo wake aliyeunganishwa kwake anaona duara linazunguka. Mifumo ya malipo inayouzwa kwa wafanyabiashara hawa huitaja kazi hiyo miongoni mwa sifa zake.

Muuzaji ukimhoji atakupa hesabu ile ile ya mnara. Ana megabiti 20 za kugawa kwa nyumba thelathini, na kila tokeni inayogawanywa mara tano inamnyima tokeni nne na kumletea malalamiko ya kasi. Amekulia mtaa huu, amewahi kuwa kwenye zamu ya bando kwao, lakini sasa yuko upande wa pili wa kaunta. Vijana wa mtaani nao hawajalala. Kuna programu ya proksi isiyogharimu kitu wanayoiweka kwenye simu yenye tokeni. Pakiti inaishia hapo, simu inaisoma na kuiandika upya kwa niaba ya simu ya pili, ikitoka ina 64 zake kamili. Muuzaji akiona tokeni moja inavuta kuliko kawaida, anaipunguzia kasi hadi muda wake uishe. Hakuna anayekwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Anapigiwa simu mwenye ruta na mama wa nyumba yenye tokeni hiyo, anaitwa mwanangu, anaombwa aangalie pale mbona inasumbua, na mara nyingi anaifungua.